Je, Ni Huruma Kumkinga Kijana na Kila Taabu?

Mwaka uliopita walitujia wazazi wa vijana wanaosoma katika madrasa moja ya mji wetu, wakatutaka rai. Walimu wa madrasa hiyo walikuwa wamenuia kuwachukua vijana wenye umri wa miaka 12 hata 15 wakakae siku tatu kambini, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Wapike wenyewe, watembee kwa miguu, wasali jamaa chini ya miti, na wafundishwe majina ya miti na ndege. Wazazi walihofu nyoka, wakahofu ndovu, wakahofu homa, na wengine wakahofu kuwa watoto wao watarudi wamejifunza utundu. Nasi tuliishika ile kanuni ya wanavyuoni wetu ya kuziba njia iendayo kwenye madhara, tukawaambia: si lazima, waacheni watoto nyumbani. Safari ikavunjika.

Baadaye mmoja wa wazazi wale alitwambia kuwa mwanawe alizipitisha siku tatu zile kitandani, mlango umefungwa na simu mkononi, hata alfajiri. Hakuumwa na nyoka.

Leo twaandika kuwaarifu ndugu zetu kwamba rai ile tumeiacha. Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alimuusia kadhi wake Abu Musa al-Ash'ari asione haya kuiacha hukumu aliyoihukumu jana, ikiwa leo imembainikia haki. Ikiwa hayo yalimpasa kadhi wa Umar, sisi ni nani hata tuone haya? Lakini mwenye kuiacha rai humpasa aeleze sababu, na sababu yetu ilianza kwa habari ya msitu wa mbali, aliyotuletea kijana mmoja wa darasa letu. Tulimsikiliza kwanza kwa adabu tu, kisha tukamsikiliza kwa moyo, kwa kuwa tuliona ndani ya habari ile jawabu ya swali tuliloulizwa na tukalijibu kwa haraka.

Swali lenyewe ni hili: kumpenda kijana ni kumwepusha na kila limuumizalo, au ni kumwepusha na baadhi na kumwacha akutane na baadhi? Na ikiwa ni hili la pili, ni lipi la kumwepusha nalo, na ni lipi la kumwachia?

Katika pwani ya California, upande wa magharibi wa Marekani, huota mti uitwao mredwudi, ulioitwa hivyo kwa wekundu wa mbao yake. Hapana mti mrefu kuliko huo juu ya ardhi. Mmoja uliogunduliwa mwaka 2006 una urefu wa karibu mita 116, hata mnara wa msikiti katika miji yetu ukiwekwa kando yake utaonekana kama mche. Imo miongoni mwake iliyopita umri wa miaka 2,000. Maana yake ni kuwa siku aliyozaliwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, miti hiyo ilikwisha simama kwa zaidi ya miaka 500. Wakati wa baridi hunywa mvua, na wakati wa joto hunywa ukungu utokao baharini. Na la ajabu ni kuwa mti mkubwa kiasi hicho hauna mzizi uzamao sana chini; mizizi yake hutanda ubavuni na kushikamana na mizizi ya jirani zake.

Zamani zilikuwapo kiasi cha ekari 2,000,000 za msitu huu. Ilipopatikana dhahabu California mwaka 1848 watu walimiminika kutoka kila upande, na misumeno ikaingia msituni. Mji wa San Francisco ulipobomolewa na tetemeko la ardhi na kuteketezwa na moto mwaka 1906, ukajengwa upya, na miti mingi ikaangushwa kwa ajili hiyo. Leo katika msitu ule wa asili imebaki kama sehemu 5 katika kila 100. Hata hiyo iliyobaki haikubaki kwa bahati. Mwaka 1902 msitu wa Big Basin ulifanywa hifadhi ya umma baada ya watu walioona mbali kuipigania. Mwaka 1918 ikaundwa jumuiya ya kuchanga fedha na kuinunua misitu hiyo kutoka mikononi mwa wenye biashara ya mbao. Na mwaka 1968 serikali kuu ya Marekani ikaweka hifadhi ya taifa.

Basi hapa twapata jambo la kwanza, nalo ni kuwa kukinga ni wajibu. Msumeno haufundishi mti kitu. Shina lililokatwa huenda likachipua tena, kwani mredwudi una tabia hiyo, lakini miaka 2,000 hairudi. Lau wale watu wangesema, "Tuiache miti ipambane na msumeno ili ipate nguvu," tungewahesabu kuwa ni wajinga au ni wasaliti.

Lakini habari haiishi hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyotusuta. Wenyeji wa nchi ile waliotangulia kabla ya wazungu, kama Wayurok na Wakaruk, walikuwa na desturi ya kuwasha moto mdogo mdogo kwa majira yake. Moto huo ulikula majani makavu na vijiti vilivyoanguka, ukaviacha vichaka vitoe fito nyororo za kufumia vikapu, wala haukuidhuru miti mikubwa, kwa kuwa gome la mredwudi mzee hufika unene wa sentimita 30 na si jepesi kushika moto. Wazungu walipoishika nchi waliuona moto kuwa ni adui tu. Mwaka 1850, mwaka ule ule California ilipokuwa jimbo la Marekani, ilipitishwa sheria ya kumwadhibu mwenye kuwasha moto mbugani. Mwaka 1935 idara ya misitu ya serikali kuu ikaweka kanuni kuwa moto wowote utakaoonekana sharti uwe umezimwa kabla ya saa 4 asubuhi ya siku ya pili yake.

Nia ya kanuni hiyo ilikuwa njema. Walioiweka waliipenda misitu. Lakini kila moto mdogo uliozimwa uliacha kuni ardhini, na mwaka baada ya mwaka kuni zikarundikana, hata misitu mingi ya upande ule ikawa kama ghala lililojazwa makuti makavu likingoja kijinga kimoja.

Mwezi wa Agosti 2020, baada ya joto kali, radi ilipiga katika milima ya Santa Cruz na moto ukashika. Uliingia Big Basin, ile hifadhi ya mwaka 1902, ukapita karibu hifadhi yote. Jumba la makao yake, lililojengwa mwaka 1936, likawa majivu. Hatusemi kuwa kuzuia moto mdogo ndiyo sababu peke yake, kwani ukame na kuzidi kwa joto la ulimwengu vilikuwa na fungu lao kubwa. Lakini wajuzi wa misitu wa huko wamekiri kuwa ulinzi ule wa kupita kiasi uliuongezea moto chakula, na siku hizi Wayurok wanauwasha tena moto mdogo katika ardhi zao kama walivyofanya wazee wao.

Sasa tazama yaliyotokea baada ya moto. Miti mingi ya jamii ya misonobari iliyokuwa humo ilikufa. Miredwudi nayo ilibaki nguzo nyeusi zisizo na jani hata moja, na mwenye kuiona angesema kuwa imekwisha. Haikupita miezi mingi, ikaanza kuchipua shinani, na katika kiwiliwili, na katika matawi. Watu wakajiuliza: mti usio na jani hupata wapi chakula, na hali chakula cha mti hutengenezwa na majani kwa nuru ya jua? Wataalamu waliichunguza miti hiyo wakatoa habari yake mwaka 2023. Waliona kuwa mti ulikuwa ukichipua kwa akiba. Katika baadhi ya miti walikadiria kuwa hata nusu ya chakula kilichoingia katika chipukizi zile kilitengenezwa zaidi ya miaka 57 nyuma, na vichipukizi vyenyewe vilikuwa vimelala chini ya gome kwa karne nyingi, vikingoja siku ya haja.

Ndugu msomaji, habari hii imetukumbusha Surat Yusuf. Nabii Yusuf, amani imshukie, alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri, hakumwambia azuie miaka ya njaa isije. Miaka ile ilikuwa lazima ije. Alimwonyesha namna ya kuweka akiba katika miaka ya neema, kwa kuwa siku ya njaa si siku ya kulima. Na ndivyo ulivyo moyo wa mwanadamu. Subira haiwezi kununuliwa siku ya msiba. Mwenye kuitaka siku ile huikuta kama ameiweka kabla, na kama hakuiweka hutia mkono ghalani akatoa vumbi.

Basi jawabu ya swali letu ni kuwa madhara ni ya namna mbili, na kosa letu lilikuwa kuyatia katika kapu moja. Yako madhara yaliyo kama msumeno: hukata, hayajengi, na lililokatwa halirudi kama lilivyokuwa. Na iko taabu iliyo kama moto mdogo: huchoma kidogo, ikala makapi, ikakomaza gome, ikauacha mti na nguvu. Ya kwanza ni haramu kumwachia kijana. Ya pili ni dhulma kumnyima.

Na tusidanganyane, sote twaijua misumeno ya miji yetu. Unga umewakata vijana wa Pwani kwa miaka mingi sasa. Tumewazika baadhi yao, na wengine twawapita vibarazani wakisinzia mchana, na baba zao ni watu tunaosali nao safu moja. Wengi wao hawakutoka katika nyumba za watu wabaya. Wako waliolelewa kwa mapenzi makubwa, hawakupata kulala njaa usiku mmoja, hawakubeba mzigo wa mtu, hawakuachwa njiani wakajitafutia njia. Siku ilipowafikia dhiki ya kwanza, ya kukosa kazi au kuvunjikiwa na tamaa, walitafuta ndani yao kitu cha kushika wasikione, na mwenye kuuza unga alikuwa karibu. Hatusemi kuwa kila aliyeangamia aliangamia kwa sababu hiyo, wala hatumtwishi mzazi mwenye msiba mzigo mwingine. Twasema kuwa sisi tuliokuwa tukiulizwa rai tumekuwa hodari wa kuzima moto mdogo, na msumeno tumeuacha mlangoni.

Dini yetu haikututaka hivyo. Katika Surat Al-Baqara Mwenyezi Mungu ametuarifu kuwa atatujaribu kwa kitu katika khofu na njaa na upungufu, na wanavyuoni wa tafsiri wamezindua kuwa kusema "kitu" ni ishara ya uchache: jaribio ni la kipimo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipokuwa mchanga alitolewa Makka akapelekwa kwa Halima katika jangwa la Banu Saad, kama ilivyokuwa ada ya Makureshi, ili watoto wakue katika hewa safi na lugha fasihi na maisha yasiyo ya anasa. Alipokuwa kijana alichunga mbuzi na kondoo, na ametwambia kuwa hapana Nabii ila alichunga. Na Masahaba waliwafungisha watoto wao siku ya Ashura. Mtoto alipolilia chakula wakampa mchezo wa sufi wa kumshughulisha hata wakati wa kufuturu ufike. Zingatia hapo: hawakumnyima mtoto njaa ile, wala hawakumwacha nayo peke yake. Walimpa njaa, na mchezo, na wao wenyewe wakawa kando yake. Huo ndio moto mdogo wenye msimamizi.

Wazee wetu wa Pwani pia waliyajua haya. Kijana alipelekwa jahazini akiwa bado hajaota ndevu, akachota maji, akapika, akashika demani usiku, akarudi baada ya kusi mtu mwingine. Leo majahazi yamepungua na baharia kijana ni nadra kuonekana, wala hatukuweka kitu mahali pake.

Wengine wameweka. Mwaka 1941, katika vita vya pili vya dunia, mwalimu Kurt Hahn na tajiri wa meli Lawrence Holt walifungua huko Aberdovey, nchi ya Wales, chuo kiitwacho Outward Bound. Holt alikuwa ameona kuwa meli zinapozamishwa, mabaharia vijana wenye miili yenye nguvu hufa mashuani, na wazee waliozoea shida huokoka. Basi wakawafundisha vijana bahari na milima kabla ya siku ya kuzama. Na chuo cha namna hiyo kilifunguliwa hata katika nchi yetu, huko Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Kadhalika Marekani, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, kati ya mwaka 1933 na 1942, serikali iliwatia vijana wasio na kazi katika kambi za misituni wakipanda miti na kutengeneza njia. Kila mmoja alilipwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 katika hizo zikipelekwa kwa jamaa zake. Lile jumba la Big Basin lililoungua mwaka 2020 lilikuwa kazi ya mikono yao. Na hata leo katika California shule nyingi huwapeleka watoto wa kiasi cha miaka 11 na 12 wakakae siku kadhaa msituni, wafundishwe viumbe vya Mola papo hapo vilipo.

Huenda mtu akasema: "Hao ni makafiri, nanyi mwatuita tuwaige." Twamjibu kuwa hekima ni mali iliyompotea Muumini, na popote aionapo ana haki nayo zaidi. Wala hatuwafuati kwa macho yaliyofumbwa. Miongoni mwa waasisi wa ile jumuiya ya mwaka 1918 ya kuhifadhi miredwudi alikuwa Madison Grant, ambaye miaka miwili kabla yake aliandika kitabu cha kudai kuwa wazungu wa kaskazini ni bora kuliko wanadamu wengine. Aliuheshimu mti akamdharau mtu. Jumuiya ile yenyewe imekwisha ikana rai yake hiyo hadharani. Sisi twachukua ulinzi wa mti, na kiburi kile twakiacha kwa mwenyewe.

Na huenda mwingine, aliyesoma, akatuhujja kwa Surat Yusuf ile ile akasema: "Nabii Yaqub aliombwa amtoe mwanawe akacheze, akahofia mbwa mwitu, akamtoa, akampoteza. Je, sisi tutoe wetu?" Hoja hii ni nzito, na kwa haki ndiyo iliyokuwa moyoni mwetu tulipotoa rai ile ya kwanza. Lakini soma kisa hata mwisho. Mbwa mwitu hakumgusa Yusuf. Waliomdhuru ni wale aliotoka nao. Khofu ya baba ilikuwa ya haki, lakini hatari haikuwa mwituni, ilikuwa katika wenzi. Basi funzo si kumfungia mtoto, ni kutazama ametoka na nani. Na zingatia kuwa hatari ya wenzi haingoji mtoto atoke. Siku hizi huingia chumbani kwa simu, na mlango umefungwa, na sisi twadhani tumemlinda. Mredwudi, kama tulivyosema, husimama kwa kushikana mizizi na jirani zake, na kijana naye ni hivyo hivyo.

Kanuni ya kuziba njia iendayo kwenye madhara ni haki, hatuikani. Lakini wanavyuoni hao hao wametufundisha kuwa madhara makubwa huondolewa kwa kustahimili yaliyo madogo. Sisi tulishika kanuni moja tukaisahau ndugu yake.

Kwa hivyo rai yetu leo ni hii. Watoto na watoke, kwa masharti. Sharti la kwanza ni msimamizi mwaminifu, anayejulikana kwa dini yake na tabia yake, na kila kundi liwe na watu wazima wa kutosha. La pili ni kipimo: taabu iwe kwa umri na nguvu za mtoto, kwani hata Wayurok hawakuwasha moto kwa kila siku wala kwa kila upepo. La tatu ni kuwa tahadhari zote za afya na usalama zichukuliwe, kwa kuwa kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia. La nne ni kuwa wasiende kutembea tu. Wapande, wasafishe, wahudumie, wajue kuwa ardhi ni amana na kuwa Muislamu apandaye mti, akala kwao ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Na maneno haya si ya vijana wa kiume peke yao. Binti naye ana siku yake ya dhiki inayomngoja, basi naye apewe akiba yake, pamoja na mama zake na walimu wake wa kike, kwa stara na heshima.

Wazazi waliotujia mwaka uliopita twawataka radhi kwa kuwajibu kwa haraka, na walimu wale wa madrasa twawataka radhi zaidi, kwa kuwa waliona tusiloliona. Tumewaomba waipange safari ile upya. Mmoja wetu katika waandishi wa waraka huu ana mwana wa miaka 13, naye ameliandikisha jina lake la kwanza. Khofu haijamtoka mzazi huyo, wala hatudhani itamtoka. Nayo si dhambi, maana Yaqub alikuwa Nabii na alihofu. Lakini atamtoa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu kuwa kama ule mti mwema aliotupigia mfano katika Surat Ibrahim, wenye mizizi imara na matawi yaliyopanda juu, na awakinge na msumeno, na awape katika moto mdogo kiasi kile kitakachowakomaza. Wabillahi tawfiq.